Fundi Mjaka Aomba Radhi

Wako siku hizi wanaosema kuwa miaka ile hapakuwa na hofu, ila kwa mtu aliyekuwa na la kuficha. Nawajua wanaosema hivyo. Wengine tulibeba magunia pamoja bandarini Malindi, tukagoma pamoja enzi za Mwingereza, tukapigwa virungu pamoja, na Mapinduzi yalipokuja tukashangilia pamoja. Baadaye chama chetu cha makuli kikavunjwa, tukaambiwa serikali sasa ni yetu, basi tunamgomea nani. Wao walikubali, na mpaka leo wanaendelea kukubali. Mimi nakumbuka. Namkumbuka shemeji yangu Mjaka, mume wa dada yangu Mwanamkasi, na ntamsema hapa kama alivyokuwa, bila kumwongeza wala kumpunguza.

Mjaka alikuwa fundi wa bunduki. Alizaliwa Bwejuu, katika ukoo wa wasasi, watu wa kuwinda nguruwe mwitu wanaomaliza mihogo ya wakulima, na magobori yao walikuwa wakiyatengeneza wenyewe. Alipokuja mjini alifungua karakana Kiponda, chini kazi, juu nyumba. Alikuwa na leseni ya Mwingereza, imetiwa kioo, imetundikwa ukutani. Alikata bomba, akalitoboa, akalichongea kitako cha mti wa msaji, na gobori likitoka mikononi mwake lilikuwa halirudi kwa matengenezo. Wenye mashamba nao walimletea bunduki zao za marisau, za kufukuzia kima na kunguru. Ukipita mlangoni unasikia tupa ikisugua na unanusa mafuta ya nazi yaliyoungua juu ya chuma.

Mapinduzi yakazikusanya bunduki zote. Hilo silikatai, kwani bunduki mikononi mwa watu zilikwishafanya ya kufanya mwaka ule. Lakini nguruwe hawakuambiwa habari hiyo, wakaendelea na mihogo, na Mjaka akakaa na vyombo vyake bila ya kazi. Biashara yenyewe ilikuwa inahama kisiwani mbele ya macho yetu. Mhindi aliyekuwa akiuza baruti na marisau upande wa Forodhani alifunga duka akafungua jingine Mombasa. Fundi wa Kigoa aliyekuwa akitia vitako vipya alikwenda Tanga. Na kutoka Arusha Singasinga mmoja mwenye duka la bunduki, aliyewahi kumletea Mjaka kazi zamani, alimtuma baharia amwambie kwa mdomo: njoo na mikono yako na vyombo vyako, huku wawindaji hawaishi, serikali ya huku inatoa leseni, kibali chako ntakushughulikia mimi. Jamhuri ilikuwa moja, na bendera moja. Lakini kazi ambayo Arusha ilikuwa inamtundikia mtu leseni ukutani, Unguja ilikuwa inamfanya atazame nyuma kila akitembea.

Laiti wangemwacha akae bure, angekaa. Alianza kutengeneza cherehani, na watu wakazoea kumwita fundi cherehani. Lakini kambini kwa wanajeshi walikumbuka kazi yake ya zamani. Gari likaja siku moja asubuhi, akachukuliwa akatengeneze bunduki zilizokusanywa, za kila aina, nyingine zimeoza kutu. Walimrudisha jioni. Wakaja tena, na tena.

Siku aliyonieleza hofu yake tulikuwa karakanani, mchana, mlango wazi, kwa sababu mlango uliofungwa ulikuwa unaleta maneno. Alikuwa amelaza kichwa cha cherehani mezani, anakisugua kwa tupa ili mpita njia aone kazi.

"Jana kambini bunduki moja ilikataa kulia mbele ya wageni," alisema. "Springi imechoka. Chuma kinachoka, shemeji, kama mtu."

"Ukawaambia?"

"Nimewaambia. Yule mkubwa mwenye miwani akaniuliza, nani aliitengeneza mara ya mwisho. Nikasema mimi. Akasema, basi ikikataa tena, ntajua aliyeikataza ni wewe."

"Labda mzaha."

"Yule hajui mzaha." Aliacha kusugua. "Unamjua fundi Hamad wa Mkunazini, aliyekuwa anakwenda kule kabla yangu?"

Nilikuwa namjua. Mji mzima ulikuwa unamjua, na mji mzima ulikuwa umeacha kumtaja. Aliitwa akaulizwe kuhusu bunduki iliyompasukia askari. Mkewe alikuwa anapeleka chakula langoni kila siku. Kapu linapokewa, linarudi tupu, wala hakuna anayemwambia nani kala.

"Nnataka kuondoka," Mjaka akasema, na tupa ikaanza tena kwenda.

Kuondoka kulihitaji kibali, hata kwenda Dar es Salaam, nchi yetu wenyewe. Ikatokea njia. Mwanamkasi alikuwa na uvimbe shingoni, mdogo, ulikuwapo tangu usichana wake wala haukuwahi kumzuia kula wala kucheka. Daktari akaandika kwamba ukatazamwe Dar. Mume akaombewa ruhusa ya kumsindikiza mgonjwa. Maombi yalipita kwa mwenyekiti wa tawi letu, Bwana Kificho, jirani wa nyumba ya tatu, naye akayapitisha. Kutoka Dar wangeshika basi la Arusha, na huko ndiko wangebaki.

Vyombo nilipewa mimi kuvifikiria. Kerezo, mashine ya kukerezea chuma, lilikuwa kubwa, likaachwa. Tulichukua kichwa chake tu, na jiliwa la kubania, na keekee ya kutobolea, na tupa zote, zikafungwa kwa matambara chini ya sanduku la cherehani, na juu yake tukaweka cherehani nzima inayofanya kazi. Mimi ndiye ningelibeba bandarini, kuli miongoni mwa makuli, nikaliweke melini na mizigo mingine. Nilikubali. Tangu hapo nikiona watu wawili wamesimama pembeni mwa njia nilikuwa napita njia nyingine.

Mjaka alitoa sharti moja. Hakuna kuaga. Mgonjwa anakwenda kutazamwa, anarudi. Kitanda kitandikwe, nguo ziachwe kambani, leso ya Mwanamkasi ibaki msumarini. Dada yangu aliumia sana, kwa sababu kwetu mtu haondoki vile. Anayesafiri na hajui kama atarudi anapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, anasema kama kuna haki yako kwangu unisamehe, nawe unasema nshakusamehe, ndipo mguu wake unakuwa mwepesi. Kuondoka bila radhi ni kuondoka umebeba watu mgongoni. Lakini Mwanamkasi alilishika sharti. Alipita kwa mashoga zake akacheka nao, akaazima kichujio ambacho alijua hatakirudisha, akarudi nyumbani akalia ndani ya mto.

Aliyelivunja sharti ni aliyelitoa.

Ilikuwa siku ya mwisho, baada ya sala ya alasiri, kwenye baraza ya msikiti. Tulikuwa tumekaa mimi, Mzee Pandu muuza kahawa, na Mwenyekiti Kificho mwenyewe. Kificho zamani alikuwa mshona viatu. Alikuwa mtu wa maneno matamu, na utamu ule haukumtoka alipopata cheo, ndiyo sababu watu walimwogopa zaidi. Akicheka watu walicheka. Akinyamaza kila mtu alianza kuyapima maneno aliyosema tangu asubuhi.

Mjaka akaja kutoka msikitini, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mzee Pandu."

"Marahaba. Kaa, fundi. Hapa tunamcheka shemejio. Anabeba gunia la karafuu kichwani, lakini kikombe cha kahawa mkono unamtetemeka."

"Kahawa yako nzito kuliko gunia," nikasema.

Kificho akacheka, basi tukacheka sote. "Mkeo vipi, fundi? Kesho ndiyo safari?"

"Kesho inshallah, mwenyekiti."

"Dar kuzuri. Usije ukaonja hewa ya kule ukasahau kuna watu huku wanakuhitaji."

"Ntawasahau vipi."

"Husahau wewe, najua." Akavuta kikombe. "Kunywa kahawa."

Mjaka hakukichukua kikombe. Nilimwona anavyoizungusha ile kofia mkononi, na nikajua kuna kitu kinakuja, lakini sikujua nini.

"Mwenyekiti, kabla sijasafiri nataka unipe radhi."

"Nshakupa. Safari ya wiki moja hiyo, huendi Makka."

"Si radhi ya safari. Nataka radhi ya mama yako."

Mzee Pandu aliyekuwa anamimina kahawa aliacha kumimina. Nilimkanyaga Mjaka mguu, nikamkanyaga sana, lakini alikuwa hanitazami.

Lazima niseme habari ya mama huyo. Bi Tabia, mama yake Kificho, ndiye aliyempokea Mjaka alipokuja mjini hana mtu. Alikula sinia moja na Kificho miaka mingi, akafuliwa nguo na yule bibi. Ikaja miaka ya siasa, ile ya kabla ya uhuru, tulipogawanyika hata kwenye maiti. Watu wa chama hiki hawamziki wa chama kile, hawanunui dukani kwake, hawaitikii salamu yake. Mjaka alikuwa chama kimoja, nyumba ya Kificho chama kingine. Bi Tabia akafa katikati ya mambo hayo. Wakubwa wa chama cha Mjaka wakapitisha neno kwamba asionekane mtu mazikoni, na Mjaka, mtu wa watu, mtu wa kuogopa wenzake watasema nini, hakuonekana.

Kificho alikiweka kikombe chini taratibu.

"Nilisikia tupa," akasema.

Mjaka akainamisha kichwa.

"Jeneza begani kwangu, tumefika mlangoni kwako, watu wanaleta tahlili. Nikasema moyoni, Mjaka hatoki, basi walau atasimamisha kazi. Nikasikia tupa inakwenda. Haikusimama hata tulipopita."

"Nilikuwa nalia," Mjaka akasema. "Nilikuwa napiga tupa ili wasinisikie. Lakini si udhuru. Nisamehe."

Na mimi wakati ule, Mungu anisitiri, sikuwa namfikiria Bi Tabia. Nilikuwa naona lile neno limekaa pale barazani katikati ya vikombe, wazi kwa kila mwenye akili. Mtu anayekwenda wiki moja hospitali na mkewe hafukui kaburi la miaka yote ile. Anayefanya vile ni mtu asiyetegemea kurudi. Nikamtazama Kificho usoni nione kama amefahamu. Alikuwa amefahamu. Aliniangalia mimi kwanza, kisha akamwangalia Mjaka, kisha akatabasamu.

"Radhi ya mama yangu siitoi barazani," akasema. "Mama yangu yuko Mtoni, amelala na jamaa zake. Kesho asubuhi twende mimi na wewe, tumsomee, nikupe radhi pale pale juu yake."

"Kesho asubuhi nnasafiri, mwenyekiti."

"Meli saa nne. Tunatoka jua likichomoza. Kutoka Mtoni mpaka bandarini si mbali kwa mtu mwenye miguu." Akaanza kuinuka, akashika bega la Mjaka kama anavyoshika mtu anayetaka kujiinua. "Na ukiikosa, iko nyingine wiki ijayo. Uvimbe wa mkeo ushakaa miaka, utakaa wiki. Au kuna linalokuharakisha?"

"Hakuna."

"Basi kesho."

Nyumbani Mwanamkasi alisikiliza yote amesimama, mkono shingoni, juu ya ule uvimbe.

"Umekwenda kumwambia," akasema.

"Sikumwambia kitu."

"Umemwambia. Mjaka, mimi nimecheka na mashoga zangu kama mwendawazimu, nimewadanganya watu walionipaka hina, kwa sababu umesema tusiage. Wewe umekwenda kumuaga Kificho. Katika mji mzima, Kificho."

"Ndiye pekee niliyemdhulumu."

"Alikupa radhi?"

"Kesho."

Dada yangu alikaa chini sakafuni. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo, "Usiende Mtoni. Tuingie bandarini mapema tukae mpaka meli iondoke."

"Nisipokwenda atajua, na atatuma watu bandarini watutoe sote watatu na sanduku. Nikienda labda ni radhi tu anayotaka. Alikuwa anamlilia mama yake. Nilimsikia analia chini ya jeneza."

"Na kama si radhi?"

Mjaka akakaa karibu naye. Mimi nilikuwa mlangoni natazama ngazi, nasikiliza kila hatua ya njiani.

"Wewe utapanda meli kwa wakati wake," akamwambia. "Ntakuja. Nisipokuja usishuke."

"Ntashuka."

"Ukishuka watauliza kwa nini mgonjwa hataki kutibiwa, na watafungua sanduku mpaka chini. Wakiona jiliwa na keekee, ni mimi na wewe na kaka yako. Mkasi, nifahamu. Ukishuka unatuua."

Alikuwa hajamwita Mkasi mbele ya mtu hata siku moja. Dada yangu aliufunika uso wake kwa leso, na hivyo ndivyo alivyokubali.

Asubuhi nilimwona Mjaka akitoka. Kificho alikuwa anamngoja kwenye kona, amevaa kanzu safi, msahafu umefungwa ndani ya kitambaa cha kijani. Walisalimiana, wakaondoka bega kwa bega kuelekea njia ya Bububu, kama ndugu wawili. Nikaliinua sanduku.

Nimebeba mizigo maisha yangu yote. Sanduku lile halikuwa zito kuliko mengine, lakini nililishusha mara mbili njiani. Kwenye lango la bandari kijana wa ukaguzi alikuwa amekaa juu ya pipa. Mwanamkasi alikuwa mbele yangu, amevaa buibui, kibali mkononi.

"Hapa mnasafiri wawili," kijana akasema. "Mumeo yuko wapi?"

"Amekwenda Mtoni kusoma kaburini, na Mwenyekiti Kificho. Anakuja."

Kijana akatazama kibali tena. Jina la Kificho lilifanya kazi yake, nikaona mkono wake unalegea. Akanyoosha mguu akaligusa sanduku.

"Na hii?"

"Cherehani," nikasema.

"Sikukuuliza wewe. Fungua."

Nikafungua. Kijana akainama, akauzungusha mkono wa cherehani, sindano ikapanda na kushuka. Akaingiza vidole pembeni, kati ya cherehani na ubao, akavisukuma chini. Nilisikia kitambaa kikikwaruza. Chini ya kile kitambaa kulikuwa na tupa, na chini ya tupa jiliwa.

"Mgonjwa anakwenda kushona hospitalini?"

"Hospitali nakwenda asubuhi, bwana," Mwanamkasi akajibu. "Jioni nnalala kwa jamaa wa mume wangu, watu wenye watoto wengi, na wanajua nashona. Nikifika mikono mitupu ntafulishwa."

Kijana akacheka, akavitoa vidole. "Kina mama wa Dar wataachaje kukufulisha. Haya, pita."

Nikalipandisha melini, nikaliweka kati ya mizigo, nikashuka. Mwanamkasi akabaki juu, kwenye reli, uso umegeukia njia ya lango. Mimi nikakaa juu ya magunia, nikageukia huko huko. Makuli wenzangu walinitania, mmoja akaniuliza kama namngoja mchumba. Kila kofia iliyoingia langoni ilikuwa ya Mjaka mpaka ilipokaribia.

Honi ya kwanza ikalia. Abiria wa mwisho wakapanda, bibi na kuku wake, askari wawili wa likizo. Kijana wa ukaguzi akaondoka kwenye pipa lake. Mabaharia wakashika kamba za ngazi. Hapo Mwanamkasi akaiacha reli, akaja mpaka juu ya ngazi, akashusha mguu mmoja. Baharia akamwambia, "Mama, unashuka au unakaa?" Aliniangalia mimi. Sikuwa na uwezo wa kusema neno wala kuinua mkono, kijana alikuwa hatua chache kutoka nilipokaa. Nikatikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Akaurudisha mguu.

Meli ilipotoka hakupunga mkono. Alisimama tu ameshika buibui yake chini ya kidevu, mpaka nikawa siwezi kujua yeye ni yupi kati ya wale wenye buibui kwenye reli.

Yaliyotokea Mtoni nimeyapata kwa Mjaka mwenyewe, Ijumaa moja baadaye alipopewa ruhusa ya kutoka kambini kwenda kuswali, mlinzi nyuma yake. Walisoma Yasin yote, wakaleta tahlili. Kificho alilia. Si kulia kwa kuigiza, Mjaka aliniapia, alilia mpaka ndevu zikalowa, akamwinua Mjaka kutoka chini, akambusu kwenye paji la uso, akamwambia mama yangu kakusamehe na mimi nimekusamehe, hakuna kitu baina yetu mpaka siku ya kufufuliwa. Mjaka aliona kifua chake kimefunguka. Akainuka aende. Kificho akamshika mkono, akasema, "Kaa kidogo, fundi, tumwombee na baba." Wakamwombea baba. Honi ikasikika kutoka mjini. Mjaka akataka kuuvuta mkono wake, na mkono ule wa mshona viatu ukakaza.

"Radhi yangu nshakupa," Kificho akamwambia, bado machozi yako machoni. "Ya serikali si yangu. Fundi wa bunduki akivuka maji ni sawa na bunduki imevuka maji. Ningekuacha uende, mimi ningelala wapi?"

Na hapo ndipo Mjaka alipofahamu kwamba mtu huyu naye alikuwa anaogopa, na kwamba hakuna mtu wa kuogopwa zaidi kuliko huyo.

Mimi sikuwa nayajua hayo nilipotoka bandarini. Nilishika njia ya Bububu nikienda mbio, kisha nikajizuia, kwa sababu mtu anayekimbia huulizwa. Nilikutana nao kabla ya daraja. Walikuwa wanatembea polepole katikati ya barabara, mkono wa Kificho begani mwa Mjaka, msahafu kwapani. Kanzu ya Mjaka ilikuwa na udongo magotini. Nyuma yao gari la kijani la kambini lilikuwa linatambaa, halitaki kuwapita.

"Duni," Kificho akaniita, kwa furaha kabisa. "Shemejio kachelewa meli. Tumesoma, tukajisahau. Ana sauti nzuri huyu, sikuwa najua."

"Naam, mwenyekiti."

"Dada yako kaondoka?"

"Kaondoka."

"Na sanduku?"

Mjaka aliinua macho akanitazama. Sikujua Kificho ameambiwa na nani, na mpaka leo sijui. Ningesema sanduku gani, angejua nimefahamu. Ningesema cherehani, angejua nadanganya.

"Limekwenda," nikasema.

"Vizuri. Vyuma na viende, vyuma viko vingi kambini. Sisi tulikuwa tunataka mikono."

Alimpiga Mjaka begani kidogo, kama anavyopigwa mtu aliyefanya kazi nzuri. Gari likasimama. Hakuna aliyeshuka, ila mlango wa nyuma ulifunguliwa kutoka ndani, na Mjaka akaenda akapanda mwenyewe, kabla hajaambiwa. Alikunja kanzu yake ili mlango usiikamate. Gari likageuka, likaondoka.

Tukabaki barabarani mimi na Kificho. Alijipangusa uso kwa kitambaa, akaniuliza kama narudi mjini, nikasema narudi, akasema basi twende pamoja, njia ndefu kwa mtu mmoja. Tukarudi kwa miguu. Njia nzima alizungumza habari za mvua, kwamba mwaka huu vuli imechelewa na mihogo itaharibika, na kila alichosema nilikiitikia.